Filimbi ya Mutindi Katika Kumbi za Osaka

Mutindi wa Ndithini hakuwahi kuimba mbele ya watu wakabaki wamekaa. Hayo alikuwa akiyasema mwenyewe, kila mara, bila kuulizwa, na mimi niliyempigia ngoma kwa miaka mingi nashuhudia kwamba ilikuwa kweli mpaka siku tuliyopanda ndege.

Kikundi chetu cha wanawake kilianza kwa kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Ukichimba bila kuimba jembe linakuwa zito, kwa hiyo tuliimba, na kwa kuimba sana tukajulikana. Mutindi ndiye aliyekuwa na filimbi. Ilikuwa filimbi ya kawaida ya bati, kama ya refa, imefungwa kwa kamba ya kiatu na kuvaliwa shingoni, lakini ukiiona shingoni mwake ungedhani ni msalaba wa askofu. Mwenye filimbi ndiye anayeanzisha wimbo, anayeugeuza na anayeufunga.

Sasa sikilizeni sheria yetu, maana ndiyo iliyotutesa. Mwenye filimbi haruhusiwi kufunga wimbo kabla hajajibiwa. Kujibiwa ni mtu wa nje ya kikundi kuingia katikati ya duara na kutingisha mabega pamoja naye, au kupiga vigelegele. Akishajibiwa, anapuliza mara tatu na wimbo umefungwa. Akifunga bila kujibiwa, filimbi inamtoka shingoni na kwenda kwa msaidizi wake. Tena mlevi hahesabiki, kwa sababu mlevi hujibu hata mashine ya kusaga mahindi.

Msaidizi wa Mutindi alikuwa Nzembi. Kwa miaka tisa Nzembi alikuwa akiitazama ile filimbi kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria ya muthokoi kwenye moto wa jirani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti nzuri, alikuwa na subira, na alikuwa na kumbukumbu kali mno kuhusu sheria.

Mwaka wa 1998 Bwana Morita akatualika Osaka. Chama chao cha huko ndicho kilichotusaidia kujenga bwawa la mchanga, ukuta wa mawe unaozuia mchanga na maji yake, kwenye mto wetu, ule unaokuwa na maji miezi mitatu na vumbi miezi tisa, na sasa wanachama walitaka kuwasikia wanawake waliobeba mawe. Bwana Morita alisomea Kiswahili chuo kikuu kwao, kisha akakaa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi hata sisi tuliona haya kufungua mdomo mbele yake. Tulichaguliwa sita: Mutindi, Nzembi, mimi Pauline kwa sababu ya ngoma na Kiingereza changu cha kidato cha nne, na wenzetu watatu waitikiaji.

Siku ya kuagwa, uwanjani kwa kanisa, Mutindi alisimama mbele ya padri na kijiji kizima akasema, "Kama nitarudi hapa bila kujibiwa na Wajapani, hii filimbi ni ya Mama Kimanzi."

Mama Kimanzi ndiye Nzembi. Alisema "Amina" kabla padri hajavuta pumzi.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa orofa ya tisa. Chini yake kulikuwa na maduka ya nguo, juu yake watu wanakula samaki, na katikati wameweka ukumbi mzima wenye viti mia tatu, kama mtu anavyoficha redio ndani ya kabati. Tulivua viatu, tukapewa ndara, na kila mmoja akapewa karatasi ya ratiba. Nikawasomea: tutaingia saa nane na dakika tatu, tutatoka saa nane na dakika kumi na moja.

"Dakika nane?" Mutindi akauliza. "Dakika nane hata koo haijapata moto. Hao watu watajibu saa ngapi?"

Tuliingia, tukaimba. Wale watu mia tatu walikaa wima, mikono juu ya mapaja, macho kwetu, na hawakutoa hata kikohozi. Kwetu watu hunyamaza hivyo jeneza likiteremshwa. Mutindi akaongeza sauti, hakuna kitu. Akaruka, akageuka, akatingisha mabega mbele ya kiti cha kwanza mpaka leso ikamfunguka, na bwana mmoja mwenye miwani akamtazama kwa heshima kubwa wala asifanye lolote. Dakika nane zikapita. Zikapita kumi na tano. Dakika ya ishirini na sita pazia likateremka lenyewe mbele yetu, polepole, tukabaki tunaimbia kitambaa.

Ndipo tukasikia makofi upande wa pili, mengi, kama mvua juu ya mabati.

"Asi!" Mutindi akasema, akitweta. "Sasa ndio wanapiga makofi? Wanampigia nani, pazia?"

"Makofi si vigelegele," Nzembi akasema. "Na hakuna mtu ameingia kwa duara."

"Na mimi sijapuliza tatu. Wimbo umefungwa na pazia, si mimi. Unataka filimbi, kaulize pazia."

Nzembi alifikiri, akakubali kwamba kisheria ni sawa. Tukaenda kula samaki.

Ukumbi wa pili, siku mbili baadaye, ulikuwa shimo. Nasema kweli: tuliteremka ngazi kando ya duka la viatu, tukajikuta kwenye chumba kilichopakwa rangi nyeusi kuanzia sakafu hadi dari, watu hamsini wamesimama na vikombe mkononi, na vipaza sauti vikubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Bwana Morita alituomba radhi, akasema mahali hapo hupigiwa gitaa na vijana. Mutindi alifurahi sana. Hakukuwa na kiti hata kimoja, na kwake kiti ndicho kilichokuwa adui.

Dakika ya tatu tu, kijana mmoja mwenye nywele za kijani aliruka akaingia katikati na kutingisha mabega kwa nguvu zake zote. Mutindi alipiga kelele ya furaha, akatingisha naye, akapuliza mara tatu. Tukamaliza. Kijana naye akamaliza, akaanguka juu ya ngoma yangu, akalala hapo.

Nzembi aliinama, akamnusa mdomo taratibu, kama mama anayemkagua mtoto aliyetoka kwa jirani mwenye sukari.

"Mlevi," akamwambia Mutindi, akimwita kwa jina la mwanawe. "Hahesabiki. Na wewe umeshapuliza, Mama Kalunde."

Ilikuwa vita. Tulirudi na treni ya chini ya ardhi, abiria wote wamenyamaza kama kawaida yao, na hawa wawili wakibishana kwa Kikamba kutoka stesheni hadi stesheni. Bwana Morita aliapa kwamba yule kijana alikunywa bia moja tu. Nzembi akasema mlevi wa moja ni mlevi. Mwisho waliafikiana: Jumapili tungeimba kwenye ukumbi mkubwa kuliko zote, na hiyo Jumapili ndiyo ingekata kesi. Akijibiwa na mtu mwenye akili zake, filimbi ni yake. Asipojibiwa, aivue palepale.

Jumamosi Bwana Morita alituketisha kwa chai atueleze mila zao.

"Mama zangu," akasema, "huku kwetu msikilizaji hunyamaza kwa kuwa anaustahi wimbo. Ukiumaliza, ndipo naye anapokupa chake."

Mutindi alitafuna maneno hayo. "Kwa hivyo wao wananingoja nimalize ndio wajibu."

"Naam."

"Na mimi ninawangoja wajibu ndio nimalize."

Bwana Morita akaweka kikombe chini. Ndiyo mara ya kwanza niliyomwona amekosa Kiswahili. Kisha akauliza kama haingewezekana, kwa Jumapili hiyo tu, kufunga bila kujibiwa.

"Bwana Morita, wewe unatoanga viatu kwa mlango," Mutindi akamwambia. "Nikikuambia Jumapili hii tu, ingia kwa nyumba ya mama yako na gumbuti, utaingia?"

Akatumiminia chai iliyobaki. Tukamaliza chai.

Ule ukumbi mkubwa ulikuwa na viti elfu moja na mia saba, kuta za mbao kote, na mabomba ya kinanda yaliyopanda ukutani marefu kuliko mikaratusi. Haukuwa na pazia. Hilo Mutindi aliliona kwanza. Tulipokelewa na Bi. Okuda, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyevaa nguo nyeusi tupu, kwa maana kazi yake ilikuwa kusimama kando ya jukwaa gizani na asionekane. Yeye ndiye aliyeamua nani aingie lini na atoke lini, na shingoni alikuwa na saa ya kupimia mbio, kama ya mwalimu wa michezo. Yeye akaitazama filimbi ya Mutindi, Mutindi akaitazama saa yake, wakainamiana vichwa kama walimu wakuu wawili waliokutana sokoni.

Bi. Okuda alinituma niende kiti cha mwisho kabisa, kisha akamwomba Mutindi aseme kitu kwa kunong'ona. Mutindi akanong'ona, "Pauline, miguu yangu inauma." Nilimsikia kama vile amelala kando yangu.

"Kwa hii nyumba huwezi kumsengenya mtu," Nzembi akasema, na nadhani alisikitika.

Jumapili saa nane u nusu tukaingia. Viti vyote vilijaa. Mutindi alianza wimbo wetu wa bwawa, ule wa mawe na maji, na sijawahi kumsikia akiimba vile, wala sitamsikia tena. Zile mbao zilichukua sauti yake zikampelekea kila mtu mkononi. Dakika nane. Kumi na tano. Ishirini na tano. Watu elfu moja na mia saba wamenyamaza kama wamechorwa. Ajuza mmoja wa mstari wa mbele machozi yalimtiririka, akayafuta polepole na kitambaa asitusumbue. Mutindi alimwona, akamgeukia Nzembi kwa matumaini. Nzembi, bila kuacha mdundo, akaimba kwa Kikamba kwamba machozi hayahesabiki, na waitikiaji wetu watatu, kwa mazoea, wakaitikia kwa sauti tamu: machozi hayahesabiki, hayahesabiki.

Dakika thelathini na tano. Mikono yangu ilikuwa imevimba. Mlangoni kando niliona wapiga fidla wamepanga foleni na fidla zao, na Bi. Okuda gizani akiongea na simu ya ukutani, akiinamisha kichwa kwa mtu asiyeonekana. Sauti ya Mutindi ilianza kupasuka. Niliona hofu usoni mwake, na niliona vibaya sana, kwa sababu nilimpenda yule mama. Angeweza kupuliza mara tatu akatuokoa, na hakuna mtu Osaka nzima angejua kosa lake. Lakini Nzembi angejua, na yeye mwenyewe angejua, na akazidi kuimba.

Ndipo Bi. Okuda akatoka gizani. Alikuja kwa hatua fupifupi, saa mkononi, taa zote zikimmulika, akaingia katikati ya duara letu na kusimama mbele ya Mutindi. Akainama. Mutindi, macho yamemtoka, akainama na kutingisha mabega. Bi. Okuda akainama zaidi, akasema kitu, akainuka akamtazama. Na mabega yake yakacheza. Moja kushoto, moja kulia, kidogo tu.

Mutindi alipuliza mara tatu mpaka nikadhani bati litapasuka. Wale watu wote wakasimama kwa pamoja, makofi yakatupiga kifuani, na Mutindi akalia kama mtoto mbele yao bila haya yoyote.

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Nilisikia Bi. Okuda alichosema alipoinama. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, ili nielewe: tafadhali, malizeni.

Kesi ilisikizwa nyumbani, kando ya bwawa, wiki moja baada ya kurudi.

"Huyo alikuja kutufukuza," Nzembi akasema. "Na mtu akikufukuza, hajakujibu."

"Alitingisha mabega."

"Alikuwa anatetemeka! Watu elfu mbili wanamwangalia, hata wewe ungetetemeka."

Basi wakanigeukia mimi. Wanawake arobaini, wote wakubwa kwangu. "Pauline, wewe ulikuwa karibu. Alisema nini?"

"Ngoma ilikuwa inalia, mwaitu," nikasema, kwa adabu ya mtoto kwa mama zake. "Sikusikia."

Hakuna aliyekumbuka kwamba ngoma ilikuwa mikononi mwangu na kwamba ningeweza kuinyamazisha. Ikaamuliwa filimbi ibaki kwa Mutindi mpaka ushahidi mwingine upatikane. Tangu siku hiyo, miaka saba mfululizo, Nzembi akikutana na Mutindi njiani alimsalimia hivi: "Habari ya kutetemeka?" Na Mutindi alijibu, "Nzuri. Habari ya kungoja?"

Mwaka wa 2005 ushahidi ukashuka kutoka kwenye basi dogo. Bwana Morita alikuwa ameleta wanachama kuona bwawa, na kati yao, chini ya kofia pana kama ungo, alikuwa Bi. Okuda. Alikuwa amestaafu. Saa ilikuwa bado shingoni.

Nzembi aliposikia kwamba anakuja, alizunguka boma kwa boma tangu alfajiri. Leo asijibu mtu, aliwaambia. Si chifu, si padri, si mke wa chifu. Mlevi wetu wa sokoni, Nzembi alimshika mkono akamkalisha kando ya shemeji yake mwenye mabavu. Yule Mjapani na ajibu mwenyewe, akasema, tumwone.

Tuliimba saa sita, jua la utosi. Mutindi alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kifua chake hakikuwa kizuri tena. Bi. Okuda alisimama, mikono imekunjwa, kimya, jinsi walivyofunzwa kwao. Kijiji kizima nacho kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea Ndithini. Dakika kumi. Ishirini. Mutindi aliimba mstari, akakohoa mstari. Nilipiga ngoma huku nikiuona uongo wangu unavyokuja kunipata.

Bi. Okuda akaweka mkoba chini. Akaja kwa zile hatua zake fupifupi, akaingia kwenye duara, akainama, na alipoinuka akatingisha mabega, kushoto na kulia, kushoto na kulia, kofia ikaanguka, akaendelea. Hapo hakuna mwenye macho angesema anatetemeka. Mutindi akapuliza mara tatu, akashika magoti.

Lakini Nzembi hakuwa amengoja miaka saba ili anyamaze. "Bwana Morita, muulize. Siku ile kwao, alikuja kutujibu ama kutufukuza?"

Bi. Okuda alijibu kwa kirefu. Bwana Morita akatafsiri, kila neno limenyooshwa. "Anasema alitumwa kuwaondoa. Mkuu wa ukumbi alimpigia simu mara nne. Anasema aliyatamka maneno ya kuwaondoa, kwa Kiingereza, na mpiga ngoma aliyasikia, kwani alimtazama."

Kijiji kizima kikanigeukia. Nilitamani ule mchanga wa bwawa unimeze.

"Halafu?" Mutindi akauliza kwa sauti ndogo.

"Anasema kisha akainuka, akauona uso wako, na mabega yakamshinda. Kwa miaka thelathini hakuwahi kukanyaga jukwaa mbele ya watu. Alipewa barua ya onyo kwa ajili ya mabega hayo. Anasema ameiweka nyumbani katika fremu."

Nzembi alisimama pale akihesabu mambo kichwani, maana ni mtu wa sheria. "Kwa hivyo alikuja kutufukuza," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na akajibu."

"Na akajibu."

Akamgeukia Mutindi. "Basi filimbi ni yako, Mama Kalunde. Ilikuwa yako."

Mutindi alimsogelea. Aliivua ile filimbi, akaifuta kwa leso, akamvisha Nzembi. "Sasa chukua," akamwambia. "Kifua changu kilibaki Osaka. Lakini singekupa na wewe unafikiri umeninyang'anya."

Nzembi aliishika ile filimbi kwa mikono miwili. Akaweka filimbi mdomoni, akapuliza, akaanzisha wimbo. Tukaitikia. Aliimba vizuri sana, na ilikuwa haki yake, akageukia watu kungoja jibu. Hakuna aliyesogea. Chifu aliangalia mbinguni. Mke wa chifu aliangalia viatu vyake. Nzembi mwenyewe alikuwa amewakataza, na kwetu neno la Nzembi halichezewi. Aliimba, akazunguka, akaimba tena, na jasho likaanza kumtoka usoni, ule uso niliouona kwa mwingine mwaka wa 1998.

Mutindi alikuwa bado ndani ya duara. Akafungua leso yake ya kikundi kiunoni, akaikunja mara mbili, akaniwekea juu ya bega. Akatoka nje ya duara, akapita nyuma ya chifu, akasimama kidogo na watu wa nje kama mtu ambaye hajawahi kutuona. Kisha akaingia polepole, akisimamia magoti yake mabovu, mpaka mbele ya Nzembi, na akatingisha mabega.

Nzembi alimnusa mdomo kwanza. Halafu akapuliza mara tatu.